Tatuu Imepigwa Leza, Sasa Ngozi Iachwe Ipone

Mwanga wa leza unapopita juu ya tatuu, mchoro hugeuka mweupe papo hapo. Anayetazama kwa mara ya kwanza hudhani wino umetoka. Haujatoka. Weupe ule ni vipovu vya gesi na mvuke vilivyozuka ndani ya ngozi kwa joto la ghafla. Baada ya nusu saa hivi hutoweka na mchoro hurudi pale pale, safari hii ukiwa umevimba na una vidoti vya damu. Hapo ndipo mtu huandikiwa tarehe ya kurudi, akaambiwa apake mafuta na ajiepushe na jua, akaondoka. Ni maelezo ya dakika 2 kwa ngozi itakayohitaji uangalizi wa miezi, na kwa sisi wenye ngozi nyeusi upungufu huo una gharama, kwa sababu ngozi yetu hukumbuka kila jeraha kwa kubadilika rangi. Mengi ya mabaka hayo yanaweza kuepukwa nyumbani, na ndiyo sababu ya makala hii.

Kwanza elewa kinachoendelea chini ya bandeji. Leza haiondoi wino, huuvunja. Mipigo yake ni mifupi mno, ya sehemu za bilioni za sekunde au pungufu ya hapo, na punje za wino zikipata joto hilo la ghafla hupasuka vipande vidogo. Kazi ya kuviondoa vipande hivyo ni ya mwili wako. Seli za kinga ziitwazo makrofaji huvimeza, vingine husafirishwa kupitia mishipa ya limfu, na ndiyo maana madaktari wapasuaji hukuta mitoki ya watu wenye tatuu imeingia rangi. Kazi hiyo ni ya taratibu sana. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha kwa panya kwamba seli iliyomeza wino ikifa huutema, na seli mpya inayochukua nafasi yake huumeza tena. Wino una ukaidi wa namna hiyo. Kwa hiyo wiki zile ambazo wewe unaona hakuna kinachofanyika ndizo wiki ambazo tatuu inafutika, na mwili unaohangaika na kidonda kilichoingia uchafu hauwezi kuifanya kazi hiyo vizuri.

Saa 24 za mwanzo ni za kutoa joto na kufunika. Chukua kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi, au barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, weka kwa dakika 10, pumzisha, rudia. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja, maana nayo huunguza. Kama tatuu iko mguuni, kaa ukiwa umeuinua. Miguu huvimba zaidi na hupona polepole kuliko mikono. Maumivu kwa kawaida hutulizwa na panadoli, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye paketi. Aspirini huongeza kuvuja damu, usiichague kwa maumivu haya, ila kama daktari alikupa kwa ajili ya moyo usiiache bila kumuuliza.

Halafu bandeji. Paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato, safu nyembamba tu, weka shashi isiyonata, funga bila kubana. Siku inayofuata fungua, osha kwa maji safi ya uvuguvugu na sabuni isiyo na harufu, kwa ncha za vidole. Dodoki lisiguse hapo. Taulo lisisugue, gusagusa kwa kitambaa safi mpaka pakauke, paka mafuta, funika tena. Fanya hivyo mara 1 au 2 kwa siku mpaka ngozi ijifunge, jambo ambalo huchukua wiki 1 hadi 3.

Najua wengi tumelelewa tukiambiwa kidonda kiachwe wazi kipigwe na upepo, kikauke. Ushauri huo hautufai hapa. Tangu mwaka 1962, George Winter wa Uingereza alipolinganisha vidonda vya nguruwe vilivyofunikwa na vilivyoachwa wazi, inajulikana kwamba ngozi mpya hutanda upesi zaidi penye unyevu, karibu mara mbili ya upesi wa penye ukavu. Kigaga kikavu na kigumu huizuia ngozi mpya isitambae, tena hukatika kila unapokunja kiungo. Mafuta ya mgando yanafanya kazi hiyo ya unyevu, na ni rahisi kuyapata kila duka. Huna sababu ya kununua krimu ya bei ghali unayouziwa kaunta ya kliniki kama haina kazi nyingine. Krimu ya antibayotiki nayo si ya kila mtu. Kuna wanaopata mzio kutokana na dawa iliyomo, wakadhani kidonda kimeharibika.

Malengelenge huwatisha watu kuliko kitu kingine chochote. Hutokea ndani ya siku 3 za mwanzo, mara nyingine makubwa, yamejaa maji ya njano au yaliyochanganyika na damu. Usidhani umeunguzwa kwa uzembe kwa sababu tu yametokea. Ni jambo la kawaida baada ya leza. Ngozi iliyo juu ya lengelenge ndiyo bandeji bora kuliko zote utakazonunua, kwa hiyo usiitoboe wala kuichuna. Likipasuka lenyewe, osha, paka mafuta, funika, na uache ile ngozi iliyolegea ilalie kidonda. Likiwa kubwa kiasi cha kukaza kwenye kiungo, rudi kwa mtaalamu alitoe maji kwa sindano safi. Wembe wa nyumbani, hata uwe umepitishwa kwenye moto, hautoshi.

Wakati huohuo nyumba itajaa madaktari. Shangazi ataleta mafuta ya nazi yenye karafuu, jirani atasema dawa ya meno inatuliza moto, mwingine atataja majivu, ndimu, manjano, chumvi au spiriti. Wote wanakutakia mema, na unaweza kuwashukuru bila kupaka. Ndimu na spiriti huunguza ngozi iliyo wazi, karafuu huiwasha, dawa ya meno ina vitu vya kusugulia, majivu na unga wa manjano huingiza uchafu. Asali hutumika hospitalini kutibu vidonda, lakini ile imesafishwa kwa kazi hiyo, haitoki kwenye chupa ya jikoni. Dawa moja naomba uiogope zaidi ya zote hizi: GV, ile dawa ya zambarau ambayo karibu kila mama anayo kabatini. Ikipakwa kwenye kidonda kibichi inaweza kuzama na kuacha rangi ya kudumu. Utakuwa umelipia leza kufuta wino mmoja, ukaingiza mwingine kwa mkono wako.

Muwasho utaanza ngozi inapojifunga. Usikune, hata juu ya nguo. Kata kucha, weka kitambaa baridi, na kama unakukosesha usingizi muulize mfamasia dawa ya mzio ya kumeza. Vigaga vitaanguka vyenyewe. Kila kimoja unachokibandua kabla ya wakati kinaondoka na ngozi changa, na pale ndipo baka linapoanzia.

Maji safi si adui. Baada ya siku ya kwanza unaweza kuoga ukiyaacha maji yapite bila kuelekeza bomba la mvua juu ya kidonda. Kwa Waislamu, wanaofuta tatuu wakiwa na nia ya ibada na hapohapo wakahofia wudhu, kupitisha maji taratibu bila kusugua hakudhuru ngozi, na siku ambazo pamefungwa, kupangusa juu ya bandeji ni jambo linalojulikana katika fiqhi. Shekhe wako atakueleza namna yake. Bahari, bwawa na mto visubiri mpaka pasiwe na sehemu hata moja iliyo wazi. Mazoezi ya kutoa jasho yaache kwa siku 2 hivi. Usinyoe hapo, usipake manukato, na vaa nguo isiyosugua.

Nifike kwenye maambukizi, nami sitaki kupita haraka hapa. Vipeperushi vingi husema angalia wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane; utaona weusi uliokolea au rangi ya zambarau, au usione kitu kabisa. Tumia mgongo wa kiganja. Gusa pembeni mwa kidonda, kisha gusa mahali hapohapo upande wa pili wa mwili. Joto la siku 2 za mwanzo ni la kawaida. Joto linalozidi na kutanuka kuanzia siku ya 3, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, usaha, harufu mbaya, mistari inayopanda kuelekea kwapani au kwenye kinena, mitoki iliyovimba, homa au kutetemeka: lolote kati ya hayo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, wala usisubiri kliniki iliyokupiga leza ipokee simu. Mwenye kisukari, au anayetumia dawa zinazopunguza kinga, aende mapema zaidi. Na kama uso au midomo imevimba, au pumzi inabana, huo ni mzio mkali. Nenda dakika hiyohiyo.

Kidonda kikishapona, wengi huacha kujitunza. Nionavyo mimi hapo ndipo sehemu ya pili na ndefu zaidi inapoanza, ile ya rangi. Seli zinazotengeneza rangi ya ngozi yetu zina kazi nyingi na ni nyepesi kushtuka. Zikiguswa na joto na uvimbe, huenda zikatoa rangi kupita kiasi, pakabaki na kivuli cheusi chenye umbo la tatuu. Au zikaumia na kunyamaza, pakabaki peupe. Weusi kwa kawaida hufifia wenyewe kwa miezi 3 hadi 6, na kwa wengine mwaka. Weupe huchelewa zaidi, na mara nyingine haurudi. Ujue hilo tangu mwanzo ili usihangaike na tiba za pupa.

Jua ndilo linaloamua sana hapa. Shirika la Afya Duniani linapima ukali wa miale ya jua kwa kipimo ambacho 11 na kuendelea ni daraja la juu kabisa, na katika ukanda wetu wa ikweta adhuhuri hufika hapo mara kwa mara, hata Nairobi ambako baridi ya asubuhi hukudanganya. Dhana kwamba mtu mweusi hahitaji kinga ya jua inawaponza watu wengi. Ngozi nyeusi nzima ina kinga yake, lakini ngozi iliyotoka kujeruhiwa ikipigwa jua hujibu kwa weusi. Kinga bora ni nguo: shati la mikono mirefu kwa dereva wa bodaboda na kwa mwenye kibanda barabarani, mtandio au khanga kwa tatuu ya shingo na kifua. Ngozi ikishafunga kabisa, ongeza losheni ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi, hasa yenye zinki, na uirudie kila saa 2 ukiwa nje. Usiipake juu ya kidonda kibichi.

Na mkorogo, tafadhali, hapana. Baka jeusi likitokea, kishawishi cha kwanza ni krimu ya kung'arisha kutoka dukani. Tanzania, Kenya na Rwanda zimepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na bado vinauzwa chini ya meza, vingi vikichanganywa na steroidi kali. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba na kuchelewesha kupona. Zebaki huingia mwilini na kudhuru figo. Yule aliyekuwa anatumia mkorogo kabla hata ya leza ana wajibu wa kumwambia mtaalamu kabla ya kupigwa, hata kama ni jambo la aibu kulisema mbele ya watu, aombe chumba. Kuna dawa za kupunguza weusi ambazo daktari wa ngozi anaweza kukuandikia kwa muda na kwa kipimo, baada ya kukuona. Hizo ni jambo jingine kabisa.

Kwa wasomaji wa pwani, Mombasa, Lamu, Unguja, Tanga na kwingineko, kuna suala la hina na piko. Harusi ikikaribia, tatuu iliyofutika nusu inakera, na jawabu linaloonekana jepesi ni kuchora piko juu yake. Piko nyingi nyeusi ni rangi ya nywele yenye kemikali ya PPD, ambayo hata kwenye ngozi nzima inaweza kuleta mzio mkali na malengelenge. Kwenye ngozi iliyopigwa leza hatari hiyo ni kubwa zaidi. Hina halisi ni pole, lakini nayo isubiri ngozi ifunge. Zaidi ya hapo, usiende kwenye awamu ya leza ukiwa na hina au piko juu ya tatuu, wala poda au losheni yenye rangi. Rangi iliyo juu hunywa mwanga, na joto linabaki juu ya ngozi badala ya kufika kwenye wino. Panga tarehe zako za harusi na za leza kwa pamoja.

Kuna jambo jingine linalowahusu zaidi watu wa asili ya Afrika: kiloidi, yaani kovu linaloota na kutanuka nje ya mipaka ya jeraha. Kama wewe, mama yako au ndugu yako wa tumbo moja amewahi kuota kiloidi kwenye sikio lililotobolewa au kwenye chanjo, sema kabla ya awamu ya kwanza. Leza iliyofanywa vizuri haikati ngozi, hivyo uwezekano ni mdogo kuliko kwa upasuaji, lakini kifua cha kati, mabega na taya ni mahali pa kuangaliwa. Kiloidi inaweza kujitokeza miezi kadhaa baadaye. Dalili za mwanzo ni muwasho usioisha, ugumu unaousikia kwa kidole, na mng'ao. Ikionekana, simamisha leza umwone daktari wa ngozi. Ikiwahiwa hutibiwa kwa sindano za steroidi ndani ya kovu na karatasi za silikoni. Madaktari wa ngozi si wengi, lakini kituo kilichoko hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa magonjwa ya ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika tangu miaka ya 1990, na hospitali za mikoa na rufaa nyingi hujua pa kukuelekeza.

Halafu kuna kusubiri. Vijana wengi hufuta tatuu kwa sababu ya ajira, maana matangazo ya kujiunga na vyombo vya ulinzi mara nyingi hutaka mwombaji asiwe na michoro mwilini, na wanataka iishe kabla ya usaili. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2012, uliofuatilia watu 352, ulikuta kwamba baada ya awamu 10 tatuu zilikuwa zimefutika kwa kiasi cha kuridhisha kwa watu kama 47 katika kila 100, na baada ya awamu 15 kwa kama 75. Waliorudiwa ndani ya wiki 8 au pungufu walifanikiwa kidogo kuliko waliosubiri zaidi. Wavuta sigara nao walibaki nyuma sana. Piga hesabu: awamu 10 zenye nafasi ya zaidi ya wiki 8 ni mwaka mmoja na nusu au zaidi. Anayekuahidi kumaliza tatuu nzito kwa miezi 3 anakudanganya, na akikubali kukupiga kila baada ya wiki 3 anaiumiza ngozi ambayo haijapona. Kama huwezi kuacha sigara moja kwa moja, ipunguze kwa kipindi hiki.

Kabla ya kila awamu uliza mashine ni ya aina gani. Kwa ngozi nyeusi inayopendekezwa ni Nd:YAG yenye mawimbi ya nanomita 1064, kwa sababu mwanga huo hupita rangi ya ngozi kwa urahisi zaidi na kuufikia wino mweusi. Mtu asiyeweza kujibu swali hilo asikuguse. Omba ajaribu sehemu ndogo kwanza, uiangalie kwa wiki kadhaa, hasa kwa nyusi na midomo iliyochorwa saluni: wino wa rangi ya ngozi, waridi au mweupe una madini yanayoweza kugeuka meusi papo hapo leza inapougusa. Na usirudi kwenye awamu nyingine kukiwa bado na vigaga, muwasho au baka linaloendelea kukolea. Ahirisha hata kama umeshalipia.

Piga picha kabla ya kila awamu, mahali pamoja, kwa mwanga uleule, ikiwezekana karibu na dirisha asubuhi. Macho yanayoangalia ngozi kila siku hayaoni mabadiliko. Mpelekee mtaalamu picha hizo pamoja na maelezo ya yaliyotokea: malengelenge yalikuwa makubwa kiasi gani, kidonda kilifunga siku ya ngapi, baka lilianza lini. Kwa maelezo hayo ataweza kupunguza au kuongeza nguvu ya mwanga. Ikiwa picha za awamu 2 mfululizo hazionyeshi tofauti, mwambie waziwazi, na mkubaliane ama kusubiri miezi 6 ili mwili uendelee kuondoa uliokwisha kuvunjwa, ama kubadili aina ya leza, ama kuishia hapo na kivuli kilichobaki.